Majina ya Viumbe vya Maji ya Moto

Katika Katanga ya zamani, ambayo Manono yetu ilikuwa kipande chake, kuna mahali panapoitwa Kiabukwa. Hapo maji yanatoka chini ya udongo yakiwa na moto wa degre 91, karibu kuchemka. Katika mwaka 1952 Wabelgiji walifunga hapo mashini ya kutoa umeme kwa nguvu ya moto ule, kwa ajili ya kampuni ya madini. Nguvu yake ilikuwa kilowati 200 hivi. Ni kidogo, lakini ilikuwa mashini ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika yote. Hata Kenya, ambayo leo inasifiwa sana kwa umeme wa maji ya moto, ilianzisha mashini yake ya Olkaria katika mwaka 1981 tu. Nyuma ya miaka michache mashini ya Kiabukwa ilisimama. Wazee wa migodi wanakumbuka umeme. Maji yenyewe wengi wameyasahau.

Kilowati ni hesabu moja ya maji ya moto. Lakini iko hesabu ingine, na hiyo ndiyo nataka kueleza hapa: hesabu ya viumbe vyenye uzima vinavyokaa ndani ya maji ya namna hii. Nitaonyesha namna watu wenye elimu walivyovitafutia majina tangu miaka mia mbili na zaidi, namna macho yao yalivyowadanganya, na namna walivyojifunza mwishoni kusoma ukoo wa kila kimoja. Kisha tutaona juu ya nini jambo hili linatuhusu sisi watu wa Tanganyika.

1. Utando ule ni kitu gani?

Mtu akifika penye maji ya moto yanayopigwa na jua, mara nyingi ataona juu ya mawe utando unaoteleza, wenye rangi ya majani mabichi, pengine ya manjano au ya udongo mwekundu. Watu wengi wanasema: Ni uchafu. Kumbe si uchafu. Ni mji mkubwa wa viumbe vidogo sana, ambavyo jicho haliwezi kuviona kimoja kimoja bila mikroskopu. Vingi katika hivyo vinaitwa sianobakteria.

Viumbe hivi vinakula mwanga wa jua sawa na mimea: vinashika mwanga, vinashika hewa mbaya tunayoitoa puani, na kutoa hewa safi ya kupumua. Ndivyo vilivyoanza kazi hiyo kabla ya mimea yote. Zaidi ya miaka miliari mbili imepita tangu vilipoanza kujaza dunia hewa tunayoivuta leo. Tena, ile mbegu ya rangi ya majani iliyo ndani ya jani la muhogo au la mti wowote ni mtoto wa sianobakteria moja ya zamani sana, iliyoingia katika kiumbe kingine na kukaa humo. Basi yule anayeupangusa utando ule mguuni na kuutupa, anatupa ndugu wa zile zinazotulisha.

Sianobakteria nyingi zinapenda maji ya baridi, ya ziwa au ya bahari. Lakini ziko zinazopenda moto. Kwa maji ya degre 50 au 60, ambayo yangetuunguza ngozi, hizo zinasitawi. Mpaka wao ni karibu degre 73. Kupita hapo, hakuna kiumbe kinachoweza kula mwanga wa jua. Wanabaki mikrobe wengine wanaokula chumvi na mawe na hewa za chini ya udongo.

2. Majina ya jicho

Katika mwaka 1753, Bwana Linné wa Uswidi alichapa kitabu chake kikubwa cha mimea. Humo kila mmea ulipewa majina mawili ya Kilatini: la kwanza la jamaa, la pili la aina. Desturi hiyo tunaifuata hata leo. Mimea ya maji isiyo na maua, pamoja na ule utando unaoteleza, aliiweka katika fungu la mwisho, kama mtu anayefagia mabaki pembeni ya nyumba.

Katika mwaka 1862 Bwana Ferdinand Cohn, Mjerumani, aliandika juu ya utando wa maji ya moto ya Karlsbad, mji unaoitwa sasa Karlovy Vary katika nchi ya Cheki. Huko aliona kiumbe chenye nyuzi na matawi, akakiita Mastigocladus laminosus. Tokea hapo watu wakakiona jamaa hiyo katika maji ya moto ya nchi nyingi. Bwana Cohn alikuwa na akili kali: alikwisha kuona kwamba viumbe hivi vinafanana na bakteria kuliko mimea. Lakini wengi hawakumsikiliza. Wakaendelea kuviita mimea midogo kwa miaka mia moja ingine.

Katika mwaka 1936 Bwana Joseph Copeland alichapa kitabu kinene juu ya sianobakteria za Yellowstone, bustani kubwa ya taifa katika Amerika, penye chemchemi za moto maelfu. Alihesabu aina nyingi na kuzipa majina. Moja aliiita Synechococcus lividus: kijiti kidogo cha rangi ya majani, bila tawi wala uzi.

Wataalamu hawa walifanya kazi ya kusifiwa. Lakini chombo chao kilikuwa jicho tu, na jicho linaona umbo, halioni ukoo. Tuchukue mfano wa kitabu cha ubatizo cha parokia. Padri akifungua kitabu hicho katika nchi yetu atakuta akina Ilunga hamsini, akina Ngoy sitini. Je, wote ni ndugu? Hapana. Jina moja, baba mbalimbali. Tena atakuta ndugu wawili wa tumbo moja: mmoja anaitwa Kabwe, mwingine anaitwa kwa jina la shangazi. Kama hasomi ukurasa ulioandikwa baba na mama, atafungisha ndoa ya watu wa damu moja, au atakataza ndoa isiyo na kizuizo.

Watu wa Manono wanajua mfano mwingine. Kasiteriti ni nyeusi na nzito; koltani nayo ni nyeusi na nzito. Mchimbaji mgeni anaweza kuzichanganya katika karai moja. Mnunuzi hatazami rangi tu, anazipima. Vile vile viumbe vya maji ya moto: vijiti viwili vinavyofanana kabisa chini ya mikroskopu vinaweza kuwa wageni wa mbali, na kimoja kinaweza kubadili umbo lake kwa sababu ya moto, au mwanga, au chakula, hata mtu akadhani ni viwili.

3. Namna walivyojifunza kusoma ukoo

Mwanzo wa elimu ya kurithi ni kazi ya mtawa. Padri Gregor Mendel, wa shirika la Mtakatifu Augustino, alipanda njegere katika bustani ya konventi yake mjini Brno, akahesabu watoto wa kila mmea, akachapa maneno yake katika mwaka 1866. Hakuna aliyemwelewa mpaka mwaka 1900, naye alikuwa amekwisha kufa. Leo tunajua kwamba urithi ule umeandikwa ndani ya kila kiumbe katika uzi mwembamba sana unaoitwa ADN. Maandiko yake yana herufi nne tu, lakini herufi hizo zinafuatana kwa mamilioni. Maandiko yote ya kiumbe kimoja yanaitwa jenomu.

Baba anapompa mtoto maandiko haya, pengine herufi moja inageuka. Vizazi vikiwa vingi, herufi zilizogeuka zinakuwa nyingi. Basi ukilinganisha maandiko ya viumbe viwili na kuona tofauti chache, unajua kwamba waliachana karibuni. Ukiona tofauti nyingi, waliachana zamani sana. Ndiyo kitabu cha ubatizo ambacho Mwumba alikiandika ndani ya kila mmoja wao.

Katika mwaka 1977 Bwana Carl Woese na Bwana George Fox, huko Amerika, walichagua kipande kimoja cha urithi ambacho kila kiumbe chenye uzima kinacho, wakakilinganisha katika mikrobe mbalimbali. Wakaona jamaa kubwa ambazo jicho halikuziona hata kidogo. Siku zile zile, mjini Paris, katika nyumba ya Pasteur, Bwana Roger Stanier na wenzake walikuwa wakionyesha kwamba sianobakteria ni bakteria kweli, si mimea. Katika mwaka 1978 waliomba majina yao yashikwe na sheria ya bakteria. Hapo ugomvi ulizaliwa ambao haujaisha: hata leo majina haya yanaguswa na sheria mbili, ya wenye mimea na ya wenye bakteria, na pengine kiumbe kimoja kinabishaniwa kama shamba la mpakani.

Sasa turudi Yellowstone. Huko Bwana Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walipata, katika mwaka 1966, mikrobe mmoja wa maji ya moto, si wa jamaa ya sianobakteria lakini jirani yao, wakamwita Thermus aquaticus. Ndani yake mlikuwa na kitu kinachoweza kunakili ADN bila kuharibiwa na moto. Bwana Kary Mullis alikuwa amevumbua katika mwaka 1983 njia ya kunakili ADN mara nyingi kwa kuichemsha na kuipoesha; kitu cha Thermus kikaifanya njia ile iwe nyepesi. Hivi mkaaji wa maji ya moto ndiye aliyewapa watu kalamu ya kunakili urithi wa viumbe vyote.

Kwa kalamu hiyo, katika miaka ya 1990, Bwana David Ward na wenzake walichunguza utando wa chemchemi moja ya Yellowstone. Hawakufuata desturi ya kuotesha mikrobe ndani ya chupa kwanza; walikwangua utando na kusoma urithi wote uliomo. Wakashangaa. Yule Synechococcus lividus aliyeotea vizuri ndani ya chupa, ambaye wote walimdhani ndiye bwana wa utando, hakuwa yeye. Mabwana wenyewe walikuwa wengine, wasiopenda chupa, wasiokuwa na jina. Aliyejitokeza upesi mbele ya mgeni hakuwa mkubwa wa kijiji.

4. Jenomu nzima

Kipande kimoja cha urithi kinaonyesha ukoo mkubwa, lakini hakitoshi kutenganisha ndugu wa karibu. Kwa hiyo wataalamu walitaka kusoma jenomu yote. Katika mwaka 1996 Wajapani wa nyumba ya Kazusa walimaliza kusoma jenomu ya sianobakteria ya kwanza, mkaaji wa maji ya baridi. Katika mwaka 2002 walimaliza ya mkaaji wa moto, aliyetoka katika chemchemi za Beppu: herufi milioni mbili na nusu na zaidi.

Kiumbe hiki cha Beppu kinatufundisha juu ya majina. Kwanza kiliitwa Synechococcus elongatus, kwa sababu ni kijiti. Urithi uliposomwa, ikaonekana kwamba vijiti vingi vinavyoitwa Synechococcus si jamaa moja hata kidogo. Kikahamishwa, kikaitwa Thermosynechococcus elongatus. Tena jamaa yote ilipopangwa upya, katika mwaka 2020, kikaitwa Thermosynechococcus vestitus. Majina matatu, mwili mmoja. Asiyejua habari hii atacheka na kusema kwamba wataalamu hawajui wanachotafuta. Lakini sivyo. Anayesahihisha kitabu cha ubatizo hafanyi mchezo, anaheshimu ukweli.

Siku hizi kazi inafanyika hivi. Mtu anapima moto wa maji na uchungu wake, anakwangua utando kidogo kwa kisu safi, anauhifadhi kwa baridi. Katika laboratwari anavunja miili ile midogo na kutoa ADN. Mashini inasoma vipande vipande, kisha mashini ya kuhesabu inaunganisha vipande, kama mtu anayeunganisha barua iliyopasuliwa. Mwishoni jenomu inalinganishwa na jenomu za viumbe vingine. Zikifanana kwa mia 95 au zaidi, wengi wanakubali kwamba ni aina moja. Zikipungua, inafaa kutafuta jina jipya. Lakini hesabu haitoshi peke yake: wanatazama bado umbo, na mahali, na moto unaopendwa. Jicho halikufukuzwa, limepewa mwenzake.

5. Kila chemchemi ni kisiwa

Zamani wengi walidhani kwamba mikrobe wanapeperushwa na upepo na kukaa kila mahali. Mahali pafaapo wanaota tu. Katika mwaka 2003 Bwana Papke na wenzake walilinganisha sianobakteria za maji ya moto ya Amerika, Japani, New Zealand na Italia. Wakaona kwamba nchi hizi zina koo zao mbalimbali, zilizoachana zamani. Maana yake ni nyepesi: kwa kiumbe kinachotaka maji ya degre 60, inchi kavu na baridi inayozunguka chemchemi ni kama bahari. Chemchemi ni kisiwa, na wakaaji wa kisiwa wanakuwa na ukoo wao wenyewe. Kwa hiyo haitoshi kusoma habari za Yellowstone na kusema kwamba tumejua maji ya moto ya Afrika.

Afrika ya mashariki imekwisha kutoa somo. Kando ya ziwa Bogoria la Kenya ziko chemchemi za moto, na maelfu ya ndege flamingo wanafika kunywa na kuoga penye maji yale yanapoingia ziwani. Tokea miaka ya 1990 ndege wengi walikufa. Katika mwaka 2003 Bwana Lothar Krienitz, Mjerumani, Bwana Kiplagat Kotut wa Kenya, na wenzao walionyesha kwamba utando wa chemchemi zile una sianobakteria zenye sumu ya ini na sumu ya mishipa, na sumu hizo zilionekana pia ndani ya ndege. Utando uliodharauliwa ulikuwa sababu moja ya vifo. Kumbe kujua jina la kila mmoja si anasa: mmoja anatoa hewa safi, ndugu yake anatia sumu, nao wanakaa juu ya jiwe moja.

Kwetu vile vile maji ya moto si Kiabukwa tu. Katika mwaka 1987 wachunguzi walivumbua chemchemi za moto chini ya maji ya ziwa Tanganyika lenyewe, upande wa Kongo, karibu na Pemba na kwenye Cap Banza ya rasi ya Ubwari. Moto wa maji hayo ni kati ya degre 53 na 103, na huko Banza chokaa imejijenga kama bomba za moshi chini ya ziwa. Wavuvi wanapita juu yake na mitumbwi.

6. Jina na mali

Watu watauliza: Faida yake nini kwa mtu wa Manono asiye na umeme nyumbani? Nitajibu kwa mambo yaliyotendeka.

Ile Thermus aquaticus ilitoka katika bustani ya taifa la Amerika. Katika mwaka 1991 kampuni Roche ilinunua haki za njia ya kunakili ADN kwa dola milioni 300. Bustani ya Yellowstone haikupata hata moja. Huko Kenya, mikrobe wa Bogoria walichukuliwa na wageni, na vitu vilivyotoka kwao vikauzwa ng'ambo kwa kufulia nguo. Katika mwaka 2004 shirika la Kenya la kulinda wanyama lililalamika hadharani na kudai fungu lake. Kwa sababu ya mambo kama hayo mataifa yalipatana huko Nagoya, Japani, katika mwaka 2010, kwamba anayechukua kiumbe cha nchi fulani aombe ruhusa na kugawana faida na wenyeji. Kongo yetu nayo iliingia katika mapatano hayo.

Lakini mapatano ni karatasi. Mwenye shamba asiyejua kilicho shambani hawezi kudai kitu. Na hapa Manono inaweza kufundisha dunia. Kwa miaka mingi kampuni ya Géomines ilichimba kasiteriti, na mawe mengine yakatupwa katika vilima vya taka vinavyoonekana hata sasa. Ndani ya mawe yale mlikuwa na litiumu. Leo kampuni za inchi mbalimbali zinaigombania litiumu ya Manono mbele ya mabaraza, na watoto waliocheza juu ya vilima vile wamekuwa wazee. Kilichoitwa taka kilikuwa mali; kilikosa tu mtu wa kukisomea jina kwa faida ya wenyeji.

7. Neno kwa wanafunzi wetu

Mseminari mmoja anaweza kuogopa: Kusoma ukoo wa viumbe kwa miaka miliari, si kupinga Maandiko? Hapana. Kitabu cha Mwanzo kinasema kwamba Mungu alileta viumbe mbele ya Adamu aone atakavyoviita. Mungu hakumpa Adamu orodha iliyokwisha kuandikwa, alimpa kazi. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika mwaka 1965, ulifundisha kwamba vitu vya dunia vina sheria zao wenyewe walizopewa na Mwumba, nayo elimu inayozitafuta kwa haki haipingani na imani. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika mwaka 1996, alisema wazi kwamba elimu ya viumbe kuzaliwa kimoja kwa kingine si wazo la kubahatisha tu. Mendel hakuacha sala kwa kuhesabu njegere.

Wala tusiseme kwamba kazi hii ni ya Wazungu na Wajapani. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu 2018 mpaka 2020, Wakongo wa nyumba ya taifa ya uchunguzi wa mikrobe, INRB, walisoma jenomu za virusi hapa hapa Kongo, ili kujua ugonjwa umetoka kwa nani kwenda kwa nani. Mashini ingine ya kusoma ADN inaingia siku hizi katika kiganja cha mkono. Anayejua kusoma ukoo wa virusi anaweza kusoma ukoo wa utando wa chemchemi.

Basi tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Walimu wa sekondari na wa seminari ndogo waandike kila mahali pa maji ya moto: jina ambalo wazee wanapaita, moto wa maji kwa kipimo, rangi za utando tokea jichoni mwa chemchemi mpaka maji yanapopoa, tena majira ya mvua na ya kiangazi. Daftari moja na kipimo kimoja vinatosha. Mgeni akija na chupa zake, apokewe kwa heshima, na aulizwe karatasi ya ruhusa, jina la laboratwari yake, na namna atakavyorudisha habari kwa wenyeji. Na kijana mwenye akili ya hesabu apelekwe kujifunza elimu hii, hata kama hatakuwa padri.

Mashini ya Kiabukwa ilipima moto wa maji, na ilikuwa kazi nzuri. Baki hesabu ya pili, ya wale wanaokaa majini. Hao hawawezi kujiandikisha wenyewe. Wanangoja mtu wa inchi yao ashike kalamu.